Nyumba Isiyotoa Moshi

Watu wa mlimani kwetu wakikuambia kwamba walimpenda balozi Wilhelmina, usiwaamini. Siku hizi wote wanasema hivyo. Wanasema wamekaa vibarazani, jikoni mwao hakuna anayekohoa, na wanatikisa vichwa kama waombolezaji wa kukodiwa. Mimi Justa nilikuwepo. Nimeishi ukuta kwa ukuta na mwanamke yule tangu nilipotoka Bukoba kumfuata mume wangu Venant, fundi seremala wa Mirongo, na waliyomtendea nayajua moja baada ya jingine. Kwa hiyo nitasimulia mimi. Atakayekasirika na akasirike, njia ya kushuka mlima anaijua.

Mlima wenyewe uko juu ya Mkuyuni. Ukitazama kutoka sokoni unaona mawe tu, mengine makubwa kuliko nyumba, na nyumba zimejibana katikati yake. Gari halifiki. Maji, unga, mabati, hata majeneza, vyote hupanda kichwani au begani. Wenyewe husema hewa ya juu ni nzuri. Miaka ile ninayoizungumzia, hewa ya juu ilikuwa moshi mtupu.

Wilhelmina Masalu alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba mpaka kinu kikauzwa, na wafanyakazi wakaambiwa waende wakajiajiri. Wenzake wengi walikwenda wakanywa pombe. Yeye akaanza kupika uji na maharage pale sokoni Mkuyuni, na mlimani wakamchagua balozi wa nyumba kumi, kwa sababu hakuna mwanamume aliyetaka kazi ya kuamua ugomvi wa ndoo na kuku bila malipo. Ndivyo alivyopata cheo. Wasikudanganye kwamba waliona kipaji.

Jambo la kwanza lililowafanya wamchukie ni miti. Viwanda vya samaki vilikuwa vinachukua minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, sisi tukaachiwa vichwa na mifupa, hayo tunayoyaita mapanki. Wanawake wa mlimani waliyapandisha juu, wakayakaanga na kuyabanika, wakashuka kuyauza. Kuni walizikata papo hapo, miti iliyoota kwenye nyufa za mawe. Wilhelmina akasimama kwenye benchi lake la ubalozi akasema mizizi ile ndiyo inayoshika mawe, na kuanzia leo hakuna kukata. Walimcheka. Mvua za mwaka ule zilipokuja, jiwe moja liliteremka likalala juu ya jiko la Mwaija, jirani yetu wa upande wa chini. Mwenyewe alikuwa kisimani, kwa hiyo kilichokufa ni samaki waliokwisha kufa. Kutoka siku ile walitii, lakini hawakumsamehe. Watu humsamehe aliyewakosea. Aliyewaambia kweli mapema hawamsamehi kamwe.

Jambo la pili lilikuwa moshi, na hilo lilimhusu mama yake.

Mama yake, Bibi Nyanzobe, alikuwa akiishi Kwimba, upande ule ambao ukitafuta mti wa kufungia mbuzi unatembea. Maisha yake yote alipika kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, yanatoa machozi mchana kutwa. Na huko kwao, tena tusijifanye watakatifu, hata hapa kwetu, kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi. Hakuna anayeuliza alipikia nini. Kizee mmoja wa kijijini kwake alikatwa mapanga kwa sababu ng'ombe wa mtu fulani alikufa. Wilhelmina alipopata habari alifunga biashara yake siku ile ile, akapanda basi, akamleta mama yake mlimani amemshika mkono kama bibi harusi.

Aliniambia siku hiyo hiyo, mama yake bado anapumzika juu ya jiwe: "Justa, huyu hataingia kwenye moshi tena mpaka afe."

Nikamwuliza atapika kwa nini, kwa pumzi?

Jibu alilipata kwa mume wangu. Karakana za Mirongo zilikuwa zinajaa maranda, yale yanayotoka mbao zikipasuliwa na kurandwa, na mafundi waliyamwaga mtoni au wakayachoma kuyaondoa. Mlinzi wa pale alikuwa na ujanja wake. Anachukua kopo kubwa la rangi, analitoboa tundu chini ubavuni, anasimamisha chupa katikati na kulaza kijiti kutoka tunduni hadi kwenye chupa, kisha anashindilia maranda kwa mchi mpaka yawe magumu kama udongo wa kukanyagwa. Akichomoa chupa na kijiti, kunabaki njia ya moto. Anawasha kwa chini, moto unakula ukuta wa maranda taratibu kutoka ndani, na maharage yanaiva yeye amekaa anapiga miayo. Moshi hakuna, ila maranda yakiwa mabichi. Wilhelmina alikuwa amekwenda kutengenezesha benchi lake lililolegea mguu. Akasahau benchi. Alipanda mlima na gunia la maranda kichwani, watu wakimwuliza amenunua mchele gani mwepesi hivyo.

Miezi ilipita. Macho ya Bibi Nyanzobe yakaanza kutulia. Kwanza machozi yalikoma, halafu wekundu ukapungua, na siku moja nimekaa nashona vifungo vya shati la Venant, naugombeza uzi usiopita, kikongwe akaninyang'anya sindano akatunga mwenyewe. Sindano ile! Kisha akainua uso akatazama chini, kupita mabati ya Mkuyuni.

"Lile ni ziwa au ni mawingu?"

"Ni ziwa, bibi."

"Lote lile?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimekaa hapa siku zote hizi nikidhani mnanidanganya."

Wilhelmina alikuwa mlangoni. Sijawahi kuona uso wa mtu umefurahi vile. Laiti hadithi ingeishia pale.

Sasa nieleze desturi ya moto, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Mlimani kwetu mtu hakuwasha moto wake kila siku. Asubuhi ulichukua kigae, ukaenda kwa jirani ambaye jiko lake halikulala, ukaomba kaa. Hapo ndipo ulipojua nani ana mimba, nani kapigwa, nani hana unga. Moto haunyimwi mtu, na mtu asiyekuja kuuomba alionekana ana kiburi au ana jambo. Ukiona paa halitoi moshi asubuhi, basi ndani kuna msiba, au kuna kitu kibaya zaidi ya msiba.

Paa la Wilhelmina halikutoa moshi. Na jiko lake lilikuwa halina kaa la kumpa mtu. Mwaija alikuja na kigae asubuhi moja, Wilhelmina akamchotea moto wa maranda kwa kijiko. Ukichota moto ule unachota vumbi linalowaka. Mwaija alipofika kwake, hatua chache tu hapo chini, kigaeni mlikuwa na jivu baridi. Angeweza kurudi akauliza. Hakurudi. Alikwenda kisimani akasema, "Moto wa balozi ukitoka kwake unakufa."

Neno hilo lilishuka mlima na kupanda tena likiwa limenenepa.

Wilhelmina aliposikia hakujishughulisha kulijibu. Alikuwa na dawa yake. Ukimpelekea kesi, kabla hajaisikiliza unasimama kwanza utazame jiko linavyoshindiliwa. Uje na ugomvi wa kuku, utatoka kuku umempoteza lakini kupikia maranda umejua. Wanawake wachache wakaanza, na mimi nikiwamo, maana maranda tuliyapata bure na mkaa ulikuwa unapanda bei kila lori likivuka.

Hapo ndipo Shimba alipoamka. Pius Shimba ndiye aliyeuza mkaa mlimani. Ulikatwa ng'ambo ya ziwa, ukavushwa kutoka Busisi hadi Kigongo, ukaishia kwenye ghala lake chini ya jiwe kubwa. Tena ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu wa mlima wetu, ana filimbi, ana fimbo, na ana tumbo lililofika kikaoni kabla yake. Jiko lisilotaka mkaa lilimkera, lakini asingeweza kusimama mbele za watu akasema hivyo. Alingoja apate jambo lingine.

Akalipata mwaka wa mvua za El Nino. Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa. Njia zikawa mito, na katikati ya unyevu ule ukaingia ugonjwa wa macho. Leo mtoto wa huyu, kesho wa yule, kope zimegandamana, macho mekundu kama nyanya. Hata mtoto wa Shimba, hata wa Mwaija. Kila nyumba ilikuwa na mtoto anayelia gizani.

Shimba akapuliza filimbi. Mvua ilipoacha kidogo tukakusanyika penye mawe, na yeye akasimama juu ya benchi la Wilhelmina, benchi lile lile la ubalozi lililotengenezwa na mume wangu.

"Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno mengi," akaanza, akasema mpaka miguu ikatufa ganzi. "Kikongwe yule alipokuja hapa macho yake yalikuwa ya namna gani?"

"Mekundu!" wakajibu.

"Na leo?"

Wote wakamgeukia Bibi Nyanzobe, aliyekuwa amekaa chini karibu na binti yake, macho yake meupe yamefumbuka, anamtazama msemaji kwa adabu.

"Meupe," akasema Shimba. "Sasa niambieni. Wekundu ule umekwenda wapi? Kitu hakipotei hivi hivi. Nendeni nyumbani mkawatazame watoto wenu. Na moto wao ukitoka nje unakufa. Na nyumba yao haitoi moshi. Nyumba ya watu hutoa moshi."

Wilhelmina akasimama. "Shimba, wewe unauza mkaa. Sema hivyo tu, watu warudi nyumbani."

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichotuponza, maana mwanamume mwenye filimbi ukiwafanya watu wamcheke, huna tena rafiki. Wilhelmina akaendelea kuwaeleza kwamba ule ni ugonjwa, unapita kwa vidole na kwa kanga za kujifutia, wawanawishe watoto kwa maji yaliyochemka na utakwisha wenyewe. Alisema vizuri. Lakini wenye watoto wagonjwa walikuwa wamekwisha pata mtu wa kumchukia, na hiyo inatuliza kuliko maji ya kuchemsha.

Wakamtenga. Kutengwa kwa desturi yetu ni hivi: hakuna kumsalimu, hakuna kumpa moto wala kuuomba kwake, kisimani anachota wa mwisho, akifa hachimbiwi kaburi. Atakayemwonea huruma ataingia humo humo.

Asubuhi iliyofuata nilitoka nje, nikajaza kifua pumzi, nikapaza sauti mlima mzima usikie: "Shikamoo, Bibi Nyanzobe!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule bibi, akashangaa mbona napiga kelele.

Tukawa nyumba mbili.

"Ungeweza kumsalimu kwa kunong'ona, Justa," Venant akasema.

"Salamu ya kunong'ona ndiyo uchawi wenyewe," nikamjibu, na sikumpikia chai siku ile.

Jambo walilosahau ni kwamba adhabu ile ilitungwa na watu wanaoombana moto. Asiyehitaji moto wako utamnyima nini? Wilhelmina alishindilia kopo lake kila asubuhi, akapika, akala, akashuka sokoni, akapanda. Walitegemea aje analia na kigae mkononi. Hakuja. Hilo liliwachoma kuliko kosa lolote ambalo angelifanya. Wakaing'oa miche yake yote aliyopanda kwenye nyufa, wakaitupa mlangoni kwake mizizi juu. Kisimani ndoo zetu zilipinduliwa, na hakuna aliyejua zimepinduliwa na nani, ingawa walikuwa wamejaa pale kama nzi. Mwaija, aliyekula uji wa Wilhelmina jiko lake lilipovunjwa na jiwe, sasa alipopita alijifunika kanga usoni. Shukrani ya punda ni mateke.

Halafu likaja panga. Tulilikuta asubuhi kizingitini mwa Wilhelmina, limenolewa, makali yakielekea mlango.

Bibi Nyanzobe aliliinamia akalitazama kwa macho yake mazuri. "Kwa yule mwenzangu wa Kwimba pia lilikuja hivi," akasema. "Panga huja kwanza. Wenyewe huja baadaye."

Wilhelmina alilichukua akashuka nalo ofisi ya kata. Huko wakamwambia ni jambo la mila, wazungumze huko huko mlimani, na kama haliishi aje mvua zikikatika. Alirudi ameloa mpaka mifupa. Nikamwambia wahame. Nina shangazi Bukoba, wakae huko mpaka watu wasahau.

"Sihami," akasema. "Nikihama watasema walikuwa na haki, na kila jiko la maranda mlimani hapa litavunjwa. Watarudi kukata miti. Na mama nitamhamisha mara ngapi? Huyu si mtungi."

Mama yake alikuwa pale, anachambua maharage. Alisikia kila neno.

Mvua ikazidi. Malori ya mkaa yalizama kwenye matope ng'ambo, hata Busisi hayakufika, na kivuko cha Kigongo kikawa kinaleta watu na mbuzi tu. Ghala la Shimba likabaki na vumbi. Hapo ungetarajia mtu mwenye akili aje kwa Wilhelmina aseme, balozi, tufundishe. Mtu mwenye akili hakuwepo. Walichoma matawi mabichi. Walichoma stuli. Walichoma kandambili! Moshi mweusi ulilala juu ya mlima, ukashindwa hata kupanda kwa sababu ya mvua, na watoto wenye macho mabovu wakafungiwa ndani ya moshi huo huo. Macho yakazidi. Wakasema, mnaona, kikongwe amezidisha.

Siku hizo macho ya Bibi Nyanzobe nayo yakaanza kuwa mekundu. Tulidhani ugonjwa umempata. Wilhelmina alimwosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, akamfunika kitambaa, akamkemea asijiguse. Hayakupona. Kila tuliporudi kutoka sokoni yalikuwa mabaya kuliko tulivyoyaacha, na kizee alikuwa anakohoa.

Ikawa siku moja mchana tunapanda, mimi na Wilhelmina, kila mtu na gunia lake la maranda lililofungwa ndani ya nailoni. Tulipofika kwenye kona ya jiwe tukaona paa lake linatoa moshi. Moshi mzito, wa njano, unapenya chini ya mabati pande zote. Wilhelmina alilitupa gunia likabingirika mpaka kisimani. Akakimbia akiita, "Mayu! Mayu!" Ndivyo wanavyomwita mama kwa Kisukuma. Alidhani wamemchomea nyumba.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tuliusukuma kwa mabega mpaka ukaachia. Katikati ya jiko, pembeni ya kopo la maranda linalowaka safi kabisa, kulikuwa na mafiga matatu, na katikati ya mafiga mavi mabichi ya ng'ombe na majani ya mwarobaini. Bibi Nyanzobe alikuwa ameuinamia moto ule, kanga ameifunika kichwani na juu ya moshi, kama mtu anayejifukiza homa. Macho ameyafumbua. Ameyafumbua kwa makusudi, kope amezishikilia kwa vidole.

Tulimtoa nje kwa kumburuta. Wilhelmina alikuwa anamtikisa. "Unafanya nini? Mayu, unafanya nini?"

Kizee alikohoa mpaka akapata pumzi. "Wanasema nimewapa watoto wao macho yangu. Basi nayachukua."

"Ule ni ugonjwa! Unapona wenyewe!"

"Najua," akasema. "Mimi ni mzee, si mjinga. Wewe unajua, na Justa anajua. Wao hawajui, na panga ni lao."

Wilhelmina akakaa chini kwenye matope. Bibi Nyanzobe akaokota fimbo yake, akatushinda nguvu, ndiyo, yule kizee alitushinda nguvu sisi wawili kwa kutukodolea tu yale macho, akateremka taratibu hadi kisimani walikojaa wanawake. Wakarudi nyuma. Akaivua kanga kichwani.

"Tazameni," akasema. "Yamerudi kwangu. Watoto wenu watapona. Mwacheni binti yangu."

Walitazama. Wengine waliinama kumtazama vizuri, kama wanaokagua samaki. Mwaija akasema, "Kweli yamerudi," kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa sufuria yake.

Na watoto wakapona. Wangepona hata kama kizee angekwenda kucheza ngoma. Ugonjwa ule ulikuwa umekwisha muda wake, na mtoto wa Mwaija alikuwa ameanza kufumbua macho tangu juzi yake. Lakini nani atamwambia nani?

Asubuhi iliyofuata walikuja na vigae. Walipanga mstari mbele ya mlango wa Wilhelmina, wanasalimu, "Mwangaluka, balozi, mmeamkaje," kana kwamba walikuwa safarini na ndiyo kwanza wamerudi. Mafigani ule moto wa moshi ulikuwa bado unawaka, mama yake hakutaka uzimwe. Mwaija alikuwa wa kwanza. Akatazama moshi unavyotoka paani, akatabasamu. "Leo nyumba hii ina watu," akasema. Hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana nilitaka kumpiga.

Wilhelmina alisimama mlangoni na koleo mkononi. Nilijua anafikiri nini, maana nilikuwa nafikiri hicho hicho: awamwagie moto wote miguuni.

"Wape," mama yake akasema kutoka ndani. "Moto haunyimwi mtu."

Akawapa. Kaa moja moja, kila mtu kwenye kigae chake, bila kumtazama hata mmoja usoni. Walipokwisha kuondoka aliingia ndani, akakaa karibu na kopo lake la maranda, akalia. Nimemjua mwanamke yule miaka yote, hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akilia.

Macho ya Bibi Nyanzobe hayakupona. Daktari alisema moshi wa zamani ulikuwa umeacha makovu, na huu wa sasa ukayafungua. Kabla ya mavuno ya pamba alikuwa anatafuta mlango kwa mikono. Na kwa kuwa sasa ni kipofu hamtishi mtu tena. Siku hizi wanamletea uji. Wanamwita bibi yetu.

Shimba je? Ngoja nimalizie nyongo yangu. Mkaa ulipomtupa, Shimba alikwenda Mirongo akafunga mkataba na karakana zote, maranda yote yawe yake. Mafundi bati wakamtengenezea majiko ya kopo yenye mikono na rangi. Anayauza mlimani hadi leo, na maranda tuliyoyapata bure anayauza kwa gunia. Mume wangu mwenyewe alikuwa wa kwanza kumwuzia.

"Biashara huria, mke wangu," Venant akaniambia. Alilala kwenye mkeka wiki nzima.

Baadaye wakaja wageni wa mradi fulani wa mazingira, wakaacha gari lao chini, wakapanda wanahema, wakampa Shimba kofia na cheti kwa kuongoza watu wa mlimani kwenye nishati safi. Akahutubia. Akasema tangu zamani moyo wake uliumia kwa ajili ya miti na macho ya akina mama. Nikafungua mdomo, Wilhelmina akanishika mkono, akaubana.

"Mwache," akasema. "Moshi umekwisha."

"Na jina lako?"

"Jina haliivishi maharage, Justa."

Yeye ni wa namna hiyo. Mimi siyo. Mimi nataka iandikwe mahali kwamba mlima huu ulisafishwa na mwanamke waliyemtenga, na kwamba bei yake ililipwa na kizee aliyejua kila kitu.

Mawe yametulia, miche mingine imeota kwenye nyufa. Asubuhi huoni paa hata moja linalotoa moshi. Bibi Nyanzobe hutolewa nje na kukalishwa juani, anaelekeza uso upande wa ziwa ambalo sasa ni habari tu, na kila asubuhi, namsikia nikiwa kwangu, anauliza swali lile lile.

"Wilhelmina, mbona sisikii moshi? Watu wamehama?"

"Hawajahama, mayu. Wapo."

"Wote?"

"Wote."

Kizee hufikiri kidogo. "Basi chukua kigae ukaombe moto, wasije wakasema tunaringa."

Wilhelmina huchukua kigae. Hutoka nacho, akasimama nyuma ya jiwe kwa muda wa kwenda na kurudi, kisha akarudi nacho kitupu.

"Wamenipa, mayu," humwambia.